Kabati la Machozi

Barua ya uhamisho ilimfikia Mwalimu Nerima Jumatano asubuhi, akiwa darasani na chaki mkononi. Naibu wa mwalimu mkuu, Madam Anyango, aliingia, akaiweka mezani, akasema, "Pole, Nerima, mimi nimetumwa tu," kisha akatoka bila kumtazama usoni. Ilikuwa barua ya mistari sita. Ilisema kwamba amehamishwa *in the public interest*, yaani kwa maslahi ya umma, kwenda Shule ya Msingi ya Lokimuria, kaskazini kabisa mwa nchi, na kwamba awe ameripoti huko katika muda wa siku thelathini. Tarehe iliyoandikwa juu ilionyesha kwamba siku tisa kati ya hizo zilikuwa zimeshaliwa na barua yenyewe ikiwa njiani.

Mbele yake walikaa watoto kumi na mmoja. Darasa lake lilikuwa kitengo cha viziwi, na katika shule nzima ni yeye peke yake aliyejua lugha ya ishara. Msichana mmoja wa kiti cha mbele, Yumna, aliinua mikono akamwuliza kulikoni. Nerima akajibu kwa mikono kwamba hakuna kitu. Kudanganya kwa mdomo ni rahisi, lakini kudanganya kwa mikono ni kazi, maana mikono yake ilikuwa inatetemeka na watoto wote kumi na mmoja walikuwa wanaitazama.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mumewe Mulongo, fundi wa kuchomelea vyuma aliyefanya vibarua Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi, zaidi ya nusu ya umri wake, alikuwa ameharibikiwa na figo zote mbili. Kila Jumanne na Ijumaa, vipindi vikiisha, Nerima alimpeleka hospitali akafungwe kwenye mashine ya kusafisha damu, akakaa naye saa nne, akamrudisha nyumbani Makongeni akiwa amemwegemea. Binti yao wa pekee, Nabalayo, alikuwa ameolewa Webuye, magharibi mwa nchi, na alikuwa na pacha wachanga. Mulongo hakuwa na mtu mwingine. Na Nerima asingeweza kuacha kazi, kwa sababu bima iliyolipia mashine ilikuwa ya kazi yake. Siku ambayo angejiuzulu ndiyo siku mume angeambiwa ashuke kitandani. Kwenda naye Lokimuria ndiyo usiseme, kwani kutoka huko hadi hospitali yenye mashine ni mwendo wa siku nzima. Aliipindua hesabu hiyo juu chini siku mbili mfululizo, na kila alipoipindua alimkuta Mulongo amekufa.

Mume alipopewa habari aliisoma barua mara moja tu, akairudisha ndani ya bahasha.

"Umma gani huu unakutaka wewe tu?" akauliza.

Jumamosi alasiri Nerima alimwita Haji. Huyu alikuwa jirani yao wa mlango wa tatu, mzee safi wa kanzu na kofia ya kufuma, aliyekuwa karani wa masjala serikalini kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Pale Makongeni hakuna aliyepeleka barua ofisini bila kwanza kuipitisha mikononi mwake. Alikuja na kalamu nyekundu na rula, akaketi, akakataa chai, akaanza kuisoma barua ya rufaa aliyokesha nayo Nerima. Ilikuwa kurasa nne. Alipomaliza alivua miwani.

"Mwalimu, hili neno *public interest* umelitumia mara saba," akasema. "Na mara zote saba umelitumia vibaya."

"Vibaya vipi, Mzee? Si ndilo walilonipiga nalo wao?"

"Hebu sikiliza hapa. Umeandika kwamba ugonjwa wa mumeo ni jambo la *public interest* kwa sababu mtaa mzima unamjua na kila mtu anamuulizia hali. Mwanangu, watu kutaka kujua si maslahi yao. Hapa mtaani watu wanataka kujua nani kagombana na mkewe, na hilo haliwaongezei hata kijiko cha sukari. Ukiandika maslahi ya umma, anayesoma lazima aone ni watu gani, ni wangapi, na watapoteza nini usipokuwepo. Kama huwezi kumwonyesha hao watu, acha kuliandika. Litakuwa pambo tu."

Mulongo alikuwa amejilaza kwenye kochi, shuka hadi kifuani, mkono wa kushoto umewekwa juu ya mto kwa uangalifu. Ule mkono ulikuwa na mshipa uliovimba, ambao madaktari walikuwa wameuunganisha ili sindano za mashine zipate pa kuingilia.

"Sasa Mzee," akasema, "mimi si *public*?"

"Wewe ni mgonjwa, bwana Mulongo."

"Kwani *public* haigonjekangi?"

Wakacheka wote watatu. Ndivyo alivyokuwa Mulongo, kadiri alivyoumia ndivyo alivyozidi mzaha. Nerima alicheka huku akifuta macho kwa ncha ya leso.

Kisha Haji alichukua rula. Katika ukurasa wa pili palikuwa na sentensi moja ambayo Nerima aliiandika bila kuipamba: *Mume wangu husafishwa damu kwa mashine Jumanne na Ijumaa, na ni mimi ninayempeleka.* Haji aliweka rula chini ya maneno hayo, akapiga mstari mwekundu juu yake, ulionyooka kabisa.

"Hilo unalitoa?" Nerima akauliza. "Mzee, hilo ndilo lenyewe! Hayo mengine yote ni kelele."

"Nalitoa kwa sababu nakutakia mema. Nikwambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kule masjala tulikuwa na kabati la chuma karibu na dirisha. Kila barua iliyotaja mke mgonjwa, mama mzee, mtoto mlemavu, bosi alikuwa anaandika pembeni 'irudishwe faili', na mimi naiweka mle. Tulikuwa tunaliita kabati la machozi. Ufunguo wake nilikuwa nao mimi, miaka ishirini na sita, na sikuwahi hata siku moja kutumwa kuitoa barua mle. Ukichanganya ya nyumbani na ya umma, watasema umma ni kisingizio chako. Barua iwe ya umma kuanzia juu hadi sahihi."

Nerima alimtazama mumewe. Mulongo aliinua bega la kulia.

"Mzee amekaa huko ndani," akasema. "Anajua vile hao watu hufikiria. Nitoe tu."

Basi akatolewa.

Jumapili Nerima alizunguka nyumba kumi na moja, kuanzia Makongeni hadi vichochoro vya Mukuru kwa Reuben, akitafuta umma wake. Haji alikuwa amemfundisha vizuri. Aliandika jina la kila mtoto, umri wake, alivyokuwa kabla ya kuingia darasani na alivyo sasa. Fowsiya, mama yake Yumna, mwenye kiduka cha nguo za mitumba, alimshika mkono hadi vidole vikauma.

"Andika hivi, mwalimu," akasema. "Andika kwamba huyu mtoto alilia siku tatu, na mimi nadhani ni jino, namnunulia dawa, kumbe anaumwa na sikio. Sasa ananiambia mwenyewe. Na aliyenifundisha mimi kumwelewa ni wewe. Wewe ukienda, mtoto wangu anarudi kuwa bubu na mimi narudi kuwa kiziwi. Walai, andika hivyo."

Nerima akaandika. Wazazi wote kumi na mmoja walitia sahihi, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Uso wake ulikuwa umeanza kunawiri. Haji aliiandika upya barua yote kwa Kiingereza kilichonyooshwa kwa pasi, ukurasa mmoja na nusu, na neno *public interest* likawa limebaki mara moja tu, mahali pake hasa. Mwishoni, kwa furaha ya kazi, aliongeza sentensi yake mwenyewe: kwamba ujuzi wa mwalimu huyu ni adimu katika Jamhuri nzima na mahali ulipo hauna mbadala. Madam Anyango alipopelekewa jioni hiyohiyo, aliisoma akapiga kofi moja la furaha. "Haki, Nerima, hii barua imeweza! Hii hawawezi kuipita." Hata Nerima mwenyewe aliirudia mara mbili kabla ya kulala, akajisikia mtu wa maana. Aliona haya kidogo kwa hilo, lakini alijisikia hivyo.

Jumatatu aliipeleka mwenyewe kwenye ofisi iliyomhamisha. Kwenye mkoba alikuwa na bahasha nyingine ya kaki, ripoti ya daktari yenye muhuri wa hospitali. Hakujua kwa nini ameibeba. Kwenye kaunta alikaa karani kijana mwenye hijabu ya kijivu, mpole, jina lake Hikma limeandikwa kifuani. Alipokea barua, akahesabu viambatisho, akapiga muhuri.

"Kuna kiambatisho kingine, madam?"

Vidole vya Nerima vilikuwa tayari juu ya bahasha. Aliishika kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Akakumbuka rula ya Haji, akaona kabati la chuma karibu na dirisha, akaona ripoti ya Mulongo inatupwa mle na barua yote nzuri inaifuata.

"Hapana," akasema. "Ni hicho tu."

Siku kumi zilizofuata zilikuwa za kungoja tu. Alimpeleka Mulongo Jumanne, akampeleka Ijumaa, akampeleka Jumanne tena. Kila simu ilipolia aliikimbilia. Alihesabu siku zilizobaki ubaoni pembeni, kwa vijistari vidogo, na watoto walidhani ni hesabu yao. Nyumbani Mulongo alianza kumwuliza maswali ya ajabu, mara ufunguo wa sanduku la vyombo vyake vya kazi uko wapi, mara shati lake jeupe bado linamtosha au limeshampwaya.

"Ya nini hayo?" akamfokea siku moja.

"Ya kujua tu."

"Usinijie na mambo ya kujua tu! Sitaki kuyasikia!"

Akaenda kuoga ili alie huko.

Jibu lilikuja Alhamisi. Alilisomea ofisini kwa Madam Anyango akiwa amesimama, kisha akaketi juu ya katoni ya vitabu. Haikuwa barua ya dharau, na hilo ndilo lililomuua. Ilimshukuru kwa maelezo yake yenye ushahidi. Ilisema kwamba ofisi imekubaliana naye neno kwa neno: ujuzi wake ni adimu, na mtoto kiziwi asiye na mwalimu wa ishara hupoteza kila kitu. Ndiyo sababu, ikaendelea, ingefaa ajue kwamba Lokimuria ina watoto viziwi thelathini na wanne na haijawahi kuwa na mwalimu wao hata mmoja. Watoto wake kumi na mmoja wanaweza kugawanywa katika shule nyingine za Nairobi. Kwa hiyo uhamisho unathibitishwa, tena kwa haraka, kwa maslahi ya umma. Mstari wa mwisho ulikuwa mfupi: *Barua yako haikutaja sababu yoyote ya kiafya au ya kifamilia ya kuzingatiwa.*

Nerima alitafuta mahali pa kuikasirikia barua hiyo, akapakosa. Watu gani? Viziwi. Wangapi? Thelathini na wanne. Wanapoteza nini? Yeye ndiye aliyewaandikia wanachopoteza. Waliipima kwa kipimo kilekile cha Haji, na ikatoka sawasawa. Kama angekuwa yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti kile cha ofisi, bila kumjua Mulongo, angeweka sahihi ileile.

Hakumaliza siku shuleni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaunta, bahasha ya kaki mkononi tangu mlangoni.

"Dada, naomba uipokee hii," akamwambia Hikma. "Mume wangu anaumwa figo. Hii ni ripoti. Ni mimi tu ninayempeleka, na bima ni yangu. Tafadhali."

Hikma aliisoma ripoti yote, hadi mwisho. Akafumba macho kidogo.

"Madam, kuna fomu ya hii," akasema polepole. "Iko tangu miaka minne iliyopita. Mtu akileta ripoti ya hospitali kama hii, uhamisho unasimamishwa kwanza, halafu ndio wanachunguza. Si ningekupatia siku ile ile?"

"Nipe sasa."

"Sasa uamuzi umeshatoka. Ukishatoka, lazima uripoti kwanza kituo kipya, halafu ukate rufaa kupitia mwalimu mkuu wa kule. Inachukua kama miezi mitatu. Usiporipoti, wanasimamisha mshahara, na bima inafungwa."

"Miezi mitatu yeye hawezi, dada. Yeye hata wiki mbili hawezi. Unaelewa? Hata wiki mbili!"

Watu waliokuwa kwenye foleni walianza kutazama viatu vyao. Hikma naye machozi yalikuwa yamemlenga.

"Nilikuuliza, madam," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuuliza kama kuna kingine."

Nerima hakumwambia Haji. Ni Mulongo aliyempa barua aisome jioni ile, mlangoni, wima, akamweleza na habari ya fomu. Mzee alisoma hadi mstari wa mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akaingia bila kukaribishwa, akaketi kwenye kiti kilekile cha Jumamosi.

"Fomu ya ugonjwa," akasema. "Miaka minne. Mimi nimestaafu miaka tisa." Kofia yake ya kufuma alikuwa ameivua na alikuwa anaikunja na kuikunjua. "Nimekuua, bwana Mulongo."

"Bado, Mzee," Mulongo akasema. "Mimi bado niko."

"Nitaandika nyingine. Leo leo. Nitamwandikia mkubwa wao, nitaandika..."

"Usiandike!" Nerima akapaza sauti mpaka ikasikika uani. Alikuwa hajawahi kumpazia sauti mtu mzima wa rika la baba yake, na hakuomba radhi. "Usiniandikie tena kitu chochote, Mzee. Umeniandikia vya kutosha."

Haji aliinamisha kichwa.  Kisha akauliza swali moja, akitazama zulia la chini.

"Ijumaa ni saa ngapi?"

"Ijumaa gani?"

"Ya mashine. Kesho. Mnaondoka hapa saa ngapi?"

Nerima alielewa kabla hajataka kuelewa. Alimtazama mzee wa miaka sabini na moja aliyekuwa anasikia vizuri kwa sikio moja tu, anayepanda ngazi kwa kupumzika mara mbili. Alimtazama Mulongo, ambaye hata akiwa amekonda hivyo alikuwa mzito kuliko mzee. Alitafuta mtu mwingine yeyote kichwani mwake, kutoka Makongeni hadi Webuye na kurudi, akakosa.

"Saa tisa," akasema. "Saa tisa kamili, kwa tuktuk ya pale kona."

Ijumaa walikwenda watatu. Nerima alikuwa na tiketi ya basi la Jumapili, maana safari yenyewe ilikuwa ya siku mbili. Wakakaa kwenye benchi la nje ya chumba cha mashine kumngoja Mulongo apimwe uzito, na Haji akatoa daftari jipya na kalamu. Hakuja na ile nyekundu.

"Haya, Mwalimu. Nitajie, niandike."

Nerima akamtajia. Mkono wa kushoto usikamatwe, usivutwe, wala asipimwe presha kwenye mkono huo hata muuguzi akisahau. Uzito uandikwe kabla na baada. Maji asizidishe chupa ndogo mbili kwa siku, na ataomba, na atakutania hadi umwonee huruma, usimpe. Ndizi asile. Akitoka kwenye mashine akae dakika kumi kabla ya kusimama, kwa sababu huona giza. Akiwa anatania, yuko sawa hata kama anaumia. Akiacha kutania, mwite muuguzi wakati huohuo.

Haji aliandika yote kwa mwandiko wake wa masjala, akiweka namba pembeni. Kila alipomaliza jambo alilisoma kwa sauti, akangoja aitikiwe, ndipo akaenda kwa linalofuata. Kule ndani waliita jina la Mulongo. Akatokea chumba cha kupimia akiwa na kadi mkononi, akawaona wawili hao na daftari lao, akatabasamu.

"Mnaandika kitabu changu?"

 Nerima alikuwa bado na jambo moja, na lilikuwa linakataa kutoka.

"Sindano zinapoingia," akasema, "hupenda kushikwa mkono. Ule wa kulia. Hatakuomba. Utajifanya tu unamrekebishia shuka, halafu unaushika, unauachia zikishaingia zote mbili."

Kalamu ya Haji ilisimama juu ya karatasi. Alimtazama Nerima juu ya miwani.

"Na hili niliandike?"

"Liandike, Mzee."

Akaliandika. Kisha akafunga daftari, akalitia kwenye mfuko wa kanzu, akainuka kumfuata Mulongo ndani. Nerima alibaki mlangoni, kwenye mstari mwekundu uliochorwa sakafuni ambao wasindikizaji hawaruhusiwi kuuvuka zaidi ya mmoja, akawatazama. Muuguzi alikuja na sindano. Haji alirekebisha shuka ambalo halikuwa na kasoro yoyote, akatafuta mkono wa kulia, akaushika.